Nywele za Ndinda

Jumamosi, 6 Januari 1979
Nimejaza miili minne ya wanasesere kabla ya chai. Pamba imekwisha, nimemalizia na vipande vya vitambaa vya fundi cherehani. Mwenye duka la vinyago mjini amekataa wale wa nywele za uzi wa sweta. Ati wanafanana na kondoo. Anataka nywele za kweli. Mshenzi yule.

Mchana nimemnyoa Ndinda, mtoto wa jirani. Jumatatu anaanza shule. Miaka sita nywele hazijaguswa. Kwetu nywele za mtu haziachwi ovyo, kwa hivyo nimezifunga kwenye gazeti nikampa mama yake azichome. Si zote. Nusu ziko chini ya godoro langu.

Jumatano, 10 Januari
Nimezishona kichwani mwa mwanasesere, unywele baada ya unywele. Vidole vimechomwa na sindano. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi. Ndinda kaingia ghafla, kamshika. "Huyu ni mimi." Nimemwambia asiseme.

Alhamisi, 11 Januari
Duka limemchukua bila maneno.

Jumatatu, 15 Januari
Ndinda ana homa tangu Ijumaa. Dawa haijasaidia. Nimepeleka uji, sikuweza kumwangalia.

Jumatano, 17 Januari
Mama Ndinda kasimama mlangoni. Hakuketi. Mtoto anaweweseka, anamlilia mwanasesere mwenye nywele zake.

"Nduku, nirudishie nywele za mtoto wangu."

Nimesema nitazirudisha Ijumaa. Miaka tisa tumekopeshana chumvi. Mimi sina mtoto, najua mtaa mzima wa Jericho utasema nini. Naogopa.

Alhamisi, 18 Januari
Mwanasesere kauzwa. Mgeni kapanda naye ndege juzi. Nimekaa kwenye ngazi za duka mpaka askari akanifukuza.

Mtoto akifa, ni mimi.

Ijumaa, 19 Januari
Asubuhi nimekata nywele zangu, zote. Ni ngumu kuliko za mtoto. Nimeziosha mara tatu, nikapaka mafuta, nikazishona kwa mwanasesere mwingine. Uso nimeushona kwa kukumbuka.

Saa kumi nimempa Mama Ndinda. Kamgeuza, kamwangalia sana, kamtia kwenye jiko mbele yangu. Harufu ilifika uani. Mimi ni mwongo na nimesimama pale kama mtu mwema.

Jumatatu, 22 Januari
Homa imeshuka. Jumamosi hospitali walimbadilishia dawa. Majirani wanataja jiko tu. Nashukuru, na nina aibu.

Jumamosi, 3 Februari
Nimerudia uzi wa sweta. Mwenye duka akitaka achukue, asipotaka aache.

Mama Ndinda alikuja kusukwa. Alikaa mbele ya magoti yangu kama zamani, ila gazeti alilitandika mapajani mwake mwenyewe, akaokota kila unywele ulioanguka. Nilipomaliza akalikunja, akasimama, akakiangalia kitambaa changu cha kichwa.

"Zako zinaota, Nduku?"

Nikamwambia zinaota, polepole. Akasema atanisuka zikirefuka, akaenda kupika.