Leseni ya Dk. Kalinga

Jumatatu, 6 Mei
Wagonjwa wengi leo. Nimeng'oa meno, nimeziba, nimeng'oa tena. Chai nimeinywa imepoa. Dk. Kalinga kaimba asubuhi nzima kama kawaida yake, wagonjwa wanacheka midomo ikiwa wazi. Wanampenda. Mlandege nzima, mtaa wetu hapa Iringa, inampenda. Mimi ni daktari wake wa pili tu, niliyeanza Februari, na nilimpenda pia.

Mchana niliingia chumbani kwake kuomba pamba. Mzee mmoja mwenye vidonda mdomoni ndiyo kwanza anashuka kitini. Dk. akachukua bomba la sindano lilelile, akabadilisha kichupa cha ganzi, sindano akaiacha. Akamchoma mama mjamzito aliyefuata. Nimeona kwa macho yangu.

Nilirudi chumbani kwangu bila pamba.

Alhamisi, 9 Mei
Nimembana Bi Mwanaidi, anayeosha vyombo vya Dk. Kaongea akiangalia mlango. Mashine ya kutakasia vyombo ilikufa kabla sijaja. Koleo zinafutwa kwa spiriti. Sindano hubadilishwa ikianza kuwa butu. Mimi nina mashine yangu ndogo, nilikuja nayo, vyombo vyangu natakasa mwenyewe. Ndiyo maana sikujua.

Nikamwendea Dk. Sikufoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akanipigapiga begani.

"Binti yangu, nimeanza kung'oa meno wewe hujaota ya kwako. Umesikia nani kafa hapa?"

Nimelichukia lile tabasamu. Nimeuchukia na ule mkono.

Jumatano, 15 Mei
Nimepiga simu Baraza. Ndio wanaotusajili, wanaotupa leseni, wanaoweza kuichukua. Dada aliyepokea ana sauti ya upole. Kasema watakuja kukagua. Sikutaja jina langu.

Nimemwambia Shangazi tukichambua mboga. Naishi kwake, siwezi kumficha. Hakufurahi. Kalinga alimng'oa meno marehemu mume wake, alikuja hadi msibani. "Utatuaibisha, mwanangu." Hakuuliza habari za yule mjamzito.

Jumanne, 28 Mei
Ukaguzi. Walimpigia simu wiki iliyopita kumjulisha siku watakayokuja! Asubuhi pikapu ya rafiki yake mwenye hospitali ikashusha mashine mpya ya kutakasia. Boksi za sindano zikapangwa mezani kama duka. Bi Mwanaidi kavalishwa koti jeupe.

Wakaguzi wawili. Waungwana kabisa. Walianza na ukutani: cheti cha usajili, leseni yake, leseni yangu. Wakauliza pointi zetu za mafunzo ya kila mwaka. Zote zimetimia. Mashine waliitazama, inang'aa. Hakuna aliyesema iwashwe. Bi Mwanaidi kaulizwa kama vyombo vinatakaswa kila mara. Kajibu ndiyo, macho chini.

Kisha kuku na ugali kule nyuma. Dk. akawaimbia. Mkaguzi mmoja alinipa mkono wenye mafuta, akasema nina bahati kufundishwa na mtu kama huyu. Nilinawa mpaka vidole vikauma.

Jioni pikapu ikaja kuchukua mashine. Nimepiga picha nikiwa dirishani.

Kinyaa. Sina neno lingine.

Jumatano, 12 Juni
Mbeya. Nimeomba ruhusa nikaja mwenyewe ofisi ya kanda ya Baraza. Malalamiko yasiyo na jina hayafiki kwenye kamati ya maadili, ndivyo sheria yao ilivyo. Afisa aliziangalia picha, akashusha pumzi. Akanionya kwamba Dk. atapewa nakala ya malalamiko, na jina langu likiwa juu yake. Nikasaini.

Baridi kali. Nimelala gesti na koti. Naogopa, basi.

Jumatatu, 17 Juni
Nakala imemfikia. Nimefukuzwa kazi mbele ya wagonjwa. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Huyu binti kanichoka," na wote wakanitazama mimi. Mama mmoja mwenye shavu limevimba alinisonya.

Nimebeba mashine yangu kichwani hadi nyumbani.

Alhamisi, 18 Julai
Mbeya tena. Kamati ya maadili. Meza ndefu, maji ya chupa, watu wanaoheshimika. Mmoja wao alimkumbatia Dk. mlangoni. Walisoma chuo pamoja.

Nilisimulia niliyoyaona. Maswali yakaja. Mna ugomvi? Ulimwomba akuongeze mshahara akakataa? Yule aliyesoma naye akaegemea kiti, akauliza kama Dk. aliwahi kunitaka kimapenzi, au mimi kumtaka. Watu wakaguna kwa kicheko. Nilitamani kuondoka. Nikajibu hapana, nikairudia sindano. Wao wananitafuta mimi, mimi nawarudisha kwenye sindano.

Dk. alisema mashine ni yake, siku ile ilikwenda matengenezo. Alisema vizuri, kwa majonzi kidogo. Akamwita Bi Mwanaidi awe shahidi wake.

Mwenyekiti ni mama mtu mzima, muda wote alikuwa akiandika. Akamuuliza Bi Mwanaidi kwa upole, "Mama, tuelezee. Ukitaka kuiwasha ile mashine, unaanzia wapi?"

Bi Mwanaidi akamtazama Dk. Akaushika mtandio wake kwa mikono miwili.

"Sijawahi kuiwasha. Ililetwa asubuhi, ikaondoka jioni. Mnisamehe, nina watoto."

Hakuna aliyecheka tena.

Alhamisi, 22 Agosti
Igowole. Nimepata kazi kituo cha afya huku. Ukungu mpaka saa nne, vidole vinakufa ganzi bila sindano. Wagonjwa ni wakulima, wanakuja jino limeshaoza kabisa.

Uamuzi umetoka. Leseni ya Dk. Kalinga imesimamishwa miezi mitatu. Onyo. Anunue mashine. Wale wakaguzi wawili hawakutajwa popote. Wala wagonjwa: hakuna aliyeagizwa kuwatafuta wapimwe damu. Nilipiga simu kuuliza. Yule dada wa sauti ya upole kasema hilo si jukumu la Baraza, Baraza linashughulika na wanataaluma.

Miezi mitatu! Hata likizo ya uzazi inakaribia hapo.

Bi Mwanaidi kaachishwa kazi. Anauza vitumbua. Kanitumia salamu. Nimemjibu nampenda.

Jumamosi, 30 Novemba
Iringa. Nimeshuka kumwangalia Shangazi, jino linamsumbua, nimebeba vyombo nimhudumie nyumbani. Sikumkuta. Jirani kasema yuko kwa Kalinga. Amefungua tena wiki hii.

Foleni hadi nje. Shangazi kwenye benchi, shavu limevimba, khanga imefungwa kichwani. Aliponiona aliona aibu.

"Wewe uko mbali, mwanangu. Jino halikunisubiri."

Nilikaa pembeni yake. Sikuwa na nguvu ya kugombana. Zamu yake ilipofika niliingia naye. Dk. Kalinga kakonda. Hakuimba. "Karibu, daktari," akaniambia, kama mtu anayemkaribisha mgeni yeyote.

Mashine ipo, ni yake, inanguruma. Akanawa. Akavaa glavu mpya. Akapasua paketi, akatoa sindano, akaipachika, akachoma taratibu huku akimshika Shangazi taya, akimsemesha asiogope. Jino likatoka zima. Sindano akaitupa kwenye boksi lake, hakuiangalia mara mbili.

Kazi safi. Mkono mzuri kuliko wangu. Hakuna hatua aliyoiruka, hakuna aliyohitaji kuifikiria.

Miezi mitatu haimfundishi mtu hivyo. Alijua siku zote.

Nimemshika Shangazi mkono hadi nyumbani. Nimemkorogea uji mwepesi, nimeupoza. Amelala.