Kiti cha Trekta la Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji, mdogo wa mke wangu, ametoa hukumu. Gari la vyuma chakavu linakuja Jumamosi asubuhi kubeba trekta la marehemu. Banda linamokaa analitaka kwa kuku wake. Mkunga — ndivyo ninavyomwita mke wangu, na hospitalini ndiyo kazi yake — hakubisha. Aliuliza tu: je, likiwaka kabla ya hapo? Shemeji akacheka. Akasema likiwaka na kutoka bandani kwa magurudumu yake, yeye atafuga kuku kwingine. Wakakubaliana, mimi shahidi.

Basi likizo yake ya wiki hii ni bandani. Nami nikifunga cherehani naenda kumtazama. Trekta lenyewe ni dogo, la bustani, rangi ya kijani imebaki kwenye pembe tu. Umri wake na wangu haupishani sana. Baba mkwe alilitumia mpaka miguu ilipomkatalia, kisha likakaa. Mkunga alipanda, akazungusha ufunguo. Ka! Halafu kimya.

Shemeji alikuwa ameegemea mlango. Akasema hilo lina nongwa tangu zamani. Alipokuwa mtoto, baba yao alikuwa akimpakata kitini, analiwasha, kisha anashuka na kumwacha yeye peke yake — linazima. Watu wanacheka. Anateremshwa, anapakatwa dada yake vilevile, linanguruma vizuri tu. Mpaka leo anaamini mzee alikuwa akilizima makusudi. Alisimulia kama mzaha, ila hakuna aliyecheka.

Jumanne, 5 Machi

Leo betri. Vichwa vyake vilikuwa vimeota unga wa kijani. Mkunga akavimwagia maji ya moto yenye magadi, akavisugua kwa mswaki wa zamani. (Wangu. Wala haukuwa wa zamani hivyo.) Betri ikaenda kuchajiwa kwa fundi umeme wa magari. Wakati inachajiwa akaufuata waya wa athi, ule wa kurudisha umeme, mpaka unapofungwa kwenye chasi, akapakwangua mpaka chuma kikang'aa. Hafungui boliti ya pili kabla ya ile ya kwanza kuingia kwenye kopo lake. Mimi nashona nguo za watu na vifungo vyangu viko sakafuni.

Jioni stata ikazunguka! Kwa nguvu, mabati ya banda yakatikisika. Lakini injini haishiki. Inazunguka, inazunguka, basi. Nikasema hili limekufa. Akaniambia neno hilo humu ndani halitumiki.

Jumatano, 6 Machi

Petroli ya zamani imemwagwa — ilikuwa inanuka kama rangi ya mlango. Kabureta imesafishwa, petroli mpya imetiwa. Bado.

Akafungua plagi, akaniletea puani. Imelowa. Akafurahi! Akanieleza kwamba petroli inafika, kwa hiyo kinachokosekana ni cheche, na kazi imepungua nusu. Mimi nilikuwa nimeona tumeshindwa. Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi na bado ananishangaza.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya.

Ameweka plagi mpya. Namna ya kuijaribu ni hii: anaiacha nje, imeshikana na waya wake, anailaza juu ya chuma cha injini. Anasimama ubavuni, ananyoosha mkono mpaka kwenye ufunguo, anazungusha na kuangalia. Cheche hakuna.

Akafungua kifuniko cha platini, vile vidomo viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche ipatikane. Vilikuwa vyeusi kama sufuria ya kuni. Akavipitisha msasa laini, akapima mwanya wake kwa kijibati chembamba. Vidole vyake, jamani. Havitetemeki hata kidogo. Akasimama ubavuni, akazungusha. Hakuna. Akabadilisha kondensa, kile kikopo kidogo kando ya platini. Hakuna. Akaazima koili, ile inayoupa umeme nguvu ya cheche, kwa fundi umeme, akaifunga mwenyewe. Hakuna!

Fundi alikuja kuona, akalizunguka trekta mara mbili tatu, akampa Mkunga pole kama aliyefiwa. Shemeji naye akapita akipima banda kwa futi ya kamba. Yangu, ya dukani. Mkunga hakugombana na mtu. Alifuta mikono, akakaa juu ya ndoo, akaanza kuzifuata nyaya kwa macho, mmoja baada ya mwingine.

Njiani kurudi akanisimulia jambo moja. Kwamba zamani baba yake akitengeneza trekta alikuwa akimwita, njoo unikalie kitini. Anakaa pale kutwa, mzee yuko chini na spana, wanapiga soga. Kumbe si chuma anachokililia huyu. Ninaiogopa Jumamosi kwa ajili yake.

Ijumaa, 8 Machi

Lazima niandike kabla sijasahau hata chembe.

Nilikwenda na chupa ya chai. Mgongo ulikuwa unaniuma, nikajitupa juu ya kiti cha trekta bila kuomba ruhusa. Mkunga alikuwa ubavuni, kama jana, akazungusha ufunguo. Ta! Cheche ya buluu, nene, inapiga kweli kweli.

Akaitazama plagi. Akanitazama mimi. Shuka. Nikashuka, akazungusha — hakuna. Panda. Ipo! Shuka tena. Nikawa napanda na kushuka kama mteja anayejaribu suruali. Kisha akajilaza chini ya kiti na tochi, na nikamsikia akiguna. Kuna swichi huko, ndogo, na springi. Mtu akikaa, umeme unapita. Akiinuka, unakatika na injini inazima, lisije likaenda bila mwenyewe. Ina maana trekta lilishapona jana, pale alipomaliza platini. Kondensa na koili vilisingiziwa bure. Alikuwa anatafuta cheche huku kiti ni kitupu!

Alicheka mpaka machozi. Nikamwambia basi dawa ilikuwa makalio yangu. Kiuno hiki nimekataa kukipima miaka yote, leo kimepata kazi ya maana.

Mara akaacha kucheka. Akasema baba alijua. Ndiyo maana alikuwa anamwita amkalie kitini. Mzee alidhani wote nyumbani wanajua, hakumwambia mtu. Mkunga akaweka kiganja juu ya kiti, akakibonyeza polepole, kidogo, kidogo zaidi, mpaka swichi ikalia. Inataka uzito kweli.

— Na yule alikuwa mwepesi, akasema.

Nilichelewa kuelewa anamsema nani. Nilipoelewa, nikatafuta pa kuweka kikombe.

Akarudisha koili ya zamani mahali pake, akafunga plagi. Nikauliza mbona hatuliwashi. Akasema anayetakiwa kuwapo hayupo. Je, kesho likigoma? Akasema halitagoma. Nikamwamini pale pale.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa kwenye kizingiti cha banda. 

Gari la vyuma limefika mapema, dereva na kamba zake. Mkunga akamwita mdogo wake, akamwambia apande akae. Shemeji akakataa, akasema hilo halimtaki, dada anajua. Kaa, mdogo wangu. Akapanda. Akakaa ukingoni, kama mtu aliyekalia kiti chenye mwenyewe.

Mkunga akasimama ubavuni, mahali pa baba yao, akazungusha. Stata ikalalamika. Akaachia, akazungusha tena. Likakohoa, likatoa moshi mweupe — likashika! Sauti nzito, ya taratibu. Mkunga akaondoa mkono kwenye ufunguo, akarudi nyuma hatua kadhaa. Shemeji akakaza macho akisubiri lizime. Halikuzima.

Ndipo Mkunga akamsogelea sikioni, akapaza sauti kwa sababu ya kelele, kwa hiyo nami nimesikia. Kuna springi chini ya kiti. Ulikuwa mwepesi tu. Baba hakulizima.

Shemeji akamwambia arudie. Akarudia.

Kisha shemeji akainua makalio kidogo sana, kujaribu. Injini ikayumba. Akakaa upesi, kwa uzito wake wote, likashika tena.

Hayo ni ya kitambo kidogo. Mlango uko wazi, njia ni nyeupe, hajaingiza gia. Hajashuka pia. Ameshika usukani kwa mikono miwili na anatazama mbele. Dereva amekuja kuniuliza, bosi, chuma kinabebwa au hakibebwi? Nimemwelekeza kwa mwenyewe. Amemtazama mwenyewe usoni, akarudi garini bila kuuliza.

Mkunga amemshika mdogo wake begani, amemuuliza kama anataka kushuka. Ametikisa kichwa. Dereva anapiga honi. Petroli tuliyotia ilikuwa ya kujaribia tu, na Mkunga ananinyooshea galoni tupu, nikimbie nikalete nyingine, upesi, kabla haijamwishia.