Neno Lililomliza Mama Akello

Dada Mwanaidi mpenzi,

Nakusalimu kutoka Wanyange, kando ya ziwa, karibu na Jinja. Jana mchana nilikuwa nakula samaki wa kukaanga kwa jirani yangu Mama Akello, akapata ujumbe wa simu kutoka kwa mkufunzi wa mwanawe, anayesomea uaskari magereza. Akaniomba nimsomee. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza: “Your son has passed out.” Nikamwambia taratibu kwamba mwanawe amezimia. Maskini, aliketi chini akaangua kilio.

Nikaipigia namba ile. Mkufunzi akampa simu kijana mwenyewe, na nyuma yake tukasikia ngoma na vigelegele. “Mama, mimi iko mzima! Tumemaliza mafunzo, sasa mimi ni afande!”

Kumbe maneno hayohayo ni kuhitimu uaskari pia! Wewe mwalimu wa Kiingereza ungejua. Nilimwomba Mama Akello radhi kwa aibu, naye akanikumbatia, machozi hayajakauka. “Wewe nataka ua mimi na Kiingereza yako!” Kisha akamwomba kijana arudie neno “afande”, tukalia wote wawili.

Mwambie Mama nitampigia leo jioni, asikie sauti yangu mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Saumu