Spika ya Nyuma Kushoto

S.L.P. 417,
Nyumbani.
Jumanne, tarehe 9 Septemba.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko na zikukute mzima. Goti lako linaendeleaje? Je, msimamizi wenu wa dobi amekubali ukae unapokunja mashuka ya hospitali, au bado anataka msimame kama askari wa lindo? Mwambie kaka yako mkubwa anauliza. Sisi huku hatujambo kiasi. Wifi yako anakohoa kwa sababu ya vumbi la barabara inayochimbwa mbele ya nyumba, lakini ulimi wake haujapungua makali.

Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi, na karatasi tatu nimezichana. Mtu aliyeandika ushahidi wa wenzake mahakamani kwa miaka thelathini na mmoja hapaswi kushindwa kuandika wake. Lakini uso umeumbwa na haya, nami leo naona haya hata mbele ya karatasi.

Barua niliyokuletea mwezi wa saba, ile niliyosema kwamba binti yako amenidanganya na kwamba malezi yake yana kasoro, haikuwa na ukweli. Naifuta yote, tangu salamu hadi sahihi. Sasa nikueleze kwa utaratibu.

Unakumbuka ulipotutumia ile risiva ya sebuleni, mashine ya kuendeshea spika za televisheni, ulinisihi ninunue spika zake pamoja na binti yako, Fundi. Hukujua kwamba tangu aache chuo cha uhasibu akashika bisibisi, mimi sijapata kumwita Fundi kama watu wote wamwitavyo. Nilimwita "binti", naye ana miaka thelathini na karakana yake mwenyewe. Alikuwa ameishi kwetu mwaka mzima, analipa umeme, anatengeneza kila kinachoharibika, nami namwita binti.

Dukani nilipenda spika mbili ndefu zilizonifika kiunoni. Nilikwisha kuziona zimesimama sebuleni, wageni wakizitazama.

"Mjomba, hizo ni omu nne, ukinzani wake wa umeme ni mdogo," akaniambia. "Nyuma ya risiva pameandikwa spika isiwe chini ya omu sita. Hizi zitavuta umeme kuliko risiva inavyoweza kutoa. Itachemka, itajizima, na siku moja haitawaka tena."

"Lakini zina sauti."

"Hata fahali ana sauti, Mjomba, ila hatumfungi sebuleni."

Muuza duka akacheka. Mimi sikucheka. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kutafuta kosa lake.

Alichagua spika tano za omu nane, zote za kampuni moja: mbili za mbele, moja ya katikati chini ya televisheni kwa ajili ya maneno, na mbili ndogo za nyuma. Akaongeza sabufa ya kiasi. Aliniambia spika zikiwa za ukoo mmoja, gari likipita kwenye filamu kutoka mbele kwenda nyuma, mlio wake haubadiliki njiani. Alizitundika zile ndogo ukutani nyuma ya kiti changu, juu kidogo ya masikio ya mtu aliyekaa. Alipima kwa kamba, kutoka kitini hadi kila spika, akaijulisha risiva vipimo vyote. Kazi ilikuwa safi, nami sikusema ahsante.

Jumapili iliyofuata nilialika wazee wawili niliofanya nao kazi, dereva wa hakimu na mpiga chapa wetu. Tulitaka kutazama mpira. Wao walikaa kwenye kochi, upande wangu wa kulia. Mpira ukaanza, kelele za mashabiki zikajaa chumbani, lakini mimi nikaona zote zinatoka kulia. Kushoto palikuwa kama pamezibwa na godoro. Nikamwita binti yako.

"Spika ya nyuma kushoto imekufa."

Akaenda akaweka sikio kwenye ile spika, kisha kiganja. Akanitazama. Akapita nyuma yangu, kisha akarudi mbele, akasema kwa sauti ya kutosha, "Labda ni spika, Mjomba. Ni kosa langu."

Dada yangu, hapo ningeweza kunyamaza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mbele ya wale wazee nilimwambia, "Fundi gani wa kuokoteza! Umenitundikia kasha tupu ukutani, ukidhani mzee hana masikio." Dereva akainamisha kichwa akatazama viatu vyake. Binti yako akasema, "Samahani, Mjomba," akatoka.

Siku ya tatu alifunga sanduku lake la vifaa na begi moja, akahamia chumba cha nyuma ya karakana. Mimi, badala ya kujiuliza, nikachukua kalamu nikakuandikia. Ukaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekulea baada ya baba, na tangu siku hiyo hupokei simu zake. Wifi yako ndiye aliyeniambia. Ni wiki saba sasa.

Alhamisi iliyopita niliamua kuing'oa ile spika niirudishe dukani kama kielelezo. Televisheni ilikuwa imewashwa, filamu moja yenye mvua. Niligeuza kiti nielekee ukuta wa nyuma, nikaketi nivae miwani. Mvua ikaanza kunyesha kutoka kwenye spika iliyokufa. Ilinyesha vizuri kabisa, tone kwa tone. Na ile nyingine, iliyokuwa nzima siku zote, ndiyo iliyonyamaza.

Nikageuza kiti kielekee mbele. Kushoto kimya. Nikakigeuza tena nyuma. Kushoto kimya. Mara nne nilifanya hivyo, hadi wifi yako akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Bwana, umeanza kucheza ngoma na kiti? Mimi si nipo?"

Nikamwomba aje aninong'oneze jambo lolote sikio la kushoto. Akainama. Nilihisi pumzi yake shingoni, basi. Alikuwa anacheka aliponiinamia, na alipoona sijibu, akaacha kucheka. Hadi leo hajataka kuniambia alisema nini.

Kisha akaniambia jambo lingine. Siku ile ya mpira alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alimwona binti yako akipita nyuma yangu na kuniita kwa sauti ndogo, "Mjomba," karibu kabisa na sikio la kushoto. Sikugeuka. Wifi yako alidhani nimemnunia. Binti yako hakudhani hivyo. Alielewa pale pale, na kwa kuwa wageni walikuwepo, akalibeba kosa yeye.

Daktari wa masikio amenithibitishia. La kushoto limekwisha muda mrefu, pengine miaka miwili, na la kulia bado lina nguvu. Nilimwambia nisingeweza kupoteza sikio zima bila kujua. Akasema wenye kujiamini sana ndio huchelewa kujua. Sikumpenda, lakini hakukosea.

Jana nilikwenda karakana kwa miguu. Nilimkuta analehemu waya kwenye redio ya mteja, moshi mwembamba ukimpanda usoni. Akasimama, akafuta stuli kwa kitambaa, nikakaa. Kisha akachukua stuli yake iliyokuwa kushoto kwangu, akaizungusha hadi kulia, akaketi.

Nilitazama ile stuli, nikaona mambo mengi kwa pamoja. Mezani kwangu alikuwa akikaa kulia kila siku, akiacha kiti chenye mto upande wa pili. Nilikuwa nikimkemea kwamba anavuruga mpangilio wa meza. Tukienda dukani, alikuwa akivuka aje kulia kwangu, nami nikimwambia hana adabu ya kutembea na mkubwa.

"Tangu lini umejua?" nikamuuliza.

"Nilianza kuhisi mwezi wa pili. Siku ya mpira ndiyo nilihakikisha."

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya wale wazee, Mjomba? Niseme Karani hasikii?"

Nilimwomba radhi. Sikuomba vizuri, maneno yalinitoka kama ya mtu anayesoma hati ya mwenzake. Alinisikiliza, akaniambia yamekwisha. Nikamwomba arudi nyumbani. Akasema nyumbani si tatizo. "Ninachotaka ni Mama apokee simu. Nikimpigia inaita mpaka inakata." Akarudi kwenye redio ili nisimwone macho.

Kwa hiyo ndugu yangu, nakuomba. Ukimaliza kusoma, usinijibu mimi. Mpigie yeye. Mimi nitaingoja hasira yako, maana ni haki yako, na unaweza kuileta kwa barua ndefu kadiri upendavyo. Yeye amengoja wiki saba kwa kosa ambalo alilichukua ili kunisitiri.

Jumapili hii nimewaita tena wale wazee wawili. Mpira hautakuwepo. Nitawaambia kwamba spika ni nzima na mzee ndiye mbovu, na nitamwita Fundi kwa jina hilo mbele yao, kama atakubali kuja. Ameniambia atakuja ukimpigia. Wifi yako amekwisha kusogeza kile kiti chenye mto upande wa kulia.

Kuhusu risiva yako, usiwe na shaka. Haijapata joto hata siku moja.

Nisalimie sana shemeji yangu, na yule mjukuu wetu mwenye maswali mengi. Mwambie babu naye sasa ameanza kuuliza. Wifi yako anakukumbatia, na anasema dawa ya kikohozi uliyotuma ni tamu mno kuwa dawa. Mungu akulinde kazini na njiani, alifanyie wepesi goti lako, na asikuhesabie kosa kwa kuniamini.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye nikiwa nimeinamisha uso,

Karani