Poda Usoni mwa Natasha

Olenguruone
23 Agosti 2025

Kwa dada yangu Truphosa,

Hamjambo huko Lanet? Binti yako Natasha, yule bibi harusi wetu mdogo wa kubeba maua, naye hajambo? Sisi huku baridi inatung'ata lakini tunapumua. Najua utashangaa kupata barua. Mtandao wa wadi hii ni wa kusimama dirishani, na nikianza kuongea nitalia mbele ya watu.

Kipngetich anaumwa, dada. Jumatatu alianza na homa, kikohozi na macho mekundu. Jana vipele vikatoka nyuma ya masikio, leo vimeshuka mpaka tumboni. Ni surua. Ana miezi saba tu, na chanjo yake ya kwanza ni ya miezi tisa. Daktari anasema kinga niliyompa akiwa tumboni imeshapungua, na mwili wake bado haumjui adui huyu. Mama mkwe alitaka tumfunike blanketi nyumbani, asidungwe sindano yoyote, eti surua itoke nje yote. Nilimbeba nikatoka mbio.

Jepleting, yule msichana anayenilelea mtoto, alikuwa ameenda kwao Jumamosi akarudi Jumapili. Nyumbani wote wamesema ndiye aliyeleta, na amefukuzwa. Aliondoka akilia na mimi sikufungua mdomo. Tuombee.

Mdogo wako,
Nanyama

Lanet
27 Agosti 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Poleni sana. Barua yako nimeisoma nimesimama, cherehani ikiwa bado inazunguka. Sisi ni wazima. Natasha alikuwa na kijifua kidogo baada ya harusi ya kaka yetu, kimeisha. Ningekuja leo hii lakini sare za shule zimenijaa dukani.

Kuhusu yule msichana, usijisumbue. Hawa tunawaingiza nyumbani bila kujua walikotoka wamebeba nini. Mmefanya vizuri kumtoa. Nimemfumia Kip sweta ya kijani, iko kwa dereva wa lori la viazi.

Ni mimi dada yako,
Truphosa

Olenguruone
4 Septemba 2025

Dada Truphosa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sweta ilifika, asante, inamkaa vizuri. Tuko nyumbani. Homa imeisha, vipele vimekuwa kahawia na ngozi inabambuka kama ya kiazi kipya.

Kuna usiku nilidhani namzika. Alikuwa amejaa vipele mwili mzima, nami nikaona ugonjwa umeshinda. Daktari akanikalisha chini. Akaniambia virusi vya surua vina ujanja, vinaanza kwa kuwashika walinzi wenyewe wa mwili na kuzunguka nao kimyakimya. Mwili ukishavitambua unatuma askari, na askari hao wanaziua seli zote zilizoingiliwa. Vipele ni dalili kwamba vita vimefika kwenye ngozi. "Mama, huyu anapigana," akasema. Nililia kwa furaha, wauguzi wakanicheka.

Lakini aliniambia pia kwamba surua hukaa mwilini kimya kama siku kumi kabla ya homa. Jepleting alienda kwao Jumamosi, na Kip akaanza kuchemka Jumatatu. Haiwezekani awe yeye. Daktari akaniuliza tulikuwa wapi wiki moja kabla ya Jumamosi hiyo, nikamjibu tulikuwa Nakuru, harusini.

Dada, Natasha ndiye aliyembeba Kip wakati wa picha. Nakumbuka macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa amepakwa poda nyingi kuliko watoto wenzake wa maua. Kile kijifua kilikuwa nini? Niambie tu, nitakusikiliza.

Mdogo wako,
Nanyama

Lanet
30 Septemba 2025

Nanyama wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi, na simu zako nimeziangalia zikilia mpaka zikanyamaza.

Ilikuwa surua. Asubuhi ya harusi Natasha aliamka na homa. Nilijua hawezi kusimama, lakini yale magauni yote nilikuwa nimeyashona mimi na yeye ndiye wa mbele. Nikawaza watu wataona nini mstari ukikosa mtoto wa kwanza. Nikampa dawa ya homa, nikampaka poda, nikamwambia asimwambie mtu. Vipele vilitoka siku ya pili. Nikamfungia ndani, na majirani nikawaambia ni mafua. Chanjo yake ya pili, ile ya mwaka na nusu, sikumpeleka. Nilikuwa nasema kesho, mpaka akafika miaka sita.

Ulipoandika kuhusu Jepleting nilijua. Nilijua wakati nakwambia mmefanya vizuri. Naona aibu mpaka nashindwa kumtazama Natasha akicheza. Niruhusu nije, niseme mwenyewe mbele ya mama mkwe wako, halafu nimtafute huyo msichana nimpigie magoti.

Dada yako asiyestahili,
Truphosa

Olenguruone
12 Oktoba 2025

Kwako Truphosa,

Natumaini wewe na mtoto mko salama. Barua yako niliisoma kwa sauti, wote wakiwepo. Mama mkwe aliinuka akaenda kukama ng'ombe. Nami sina la kujivunia, msichana alitolewa mlangoni nikiangalia.

Jepleting nimemfuata mpaka Salgaa. Anaosha sufuria kwenye hoteli ya madereva. Niliomba msamaha nimesimama kwenye maji machafu. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama Kip amepona. Nikamwambia amepona. Akasema, "Asante Mungu," akaendelea kuosha. Kurudi hataki. Usiende kumpigia magoti, muache.

Kip anasimama sasa kwa kushika kiti. Surua haitamshika tena, mwili wake utaikumbuka maisha yake yote. Lakini daktari ameonya kwamba surua hufuta kumbukumbu ya magonjwa mengine, na mwili lazima uanze kuyajifunza upya. Kikohozi cha mgeni tu kinaweza kumrudisha wadi. Kwa hiyo hatupokei wageni mpaka mwaka ujao, pengine na zaidi.

Watu wa hapa nimewaambia ni amri ya daktari. Wewe sitakudanganya. Nusu yake ni daktari.

Mama Kipngetich