Spika ya Mkwe Inaniapisha Mchana Kutwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana nyumbani wameshacheka vya kutosha.

Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani, nashona sare za shule katika chumba kinachotazamana na duka la samaki la mkwe wangu, yaani baba yake mume wa binti yangu. Siku moja mkwe, mtu mcheshi sana, aliingia kwangu na spika mpya, ile unayorekodi maneno ukaiacha ijisemee, akaniambia, "Mkwe, niazime hiyo sauti yako ya kwaya, useme tu samaki safi, wamevuliwa kwa mshipi, karibuni," nami nikaona aibu kumnyima mkwe kitu kidogo kama sauti, nikasema, lakini nilipojisikiliza nikaona tangazo limepoa kama chai iliyolala, ndipo shetani akanishika ulimi nikarudia kwa mbwembwe, "Haki ya Mungu, samaki hawa wamevuliwa kwa mshipi, mmoja mmoja, na wachanga tumewarudisha baharini wakue!" Mkwe akapiga makofi, wateja wakajaa, nami nisikufiche, nilijisikia raha, nikawa nakanyaga cherehani kwa kufuata sauti yangu mwenyewe.

Jumamosi mkwe akatuletea samaki wa shukrani, mkubwa, nje hana hata mkwaruzo, lakini nilipompasua nikakuta damu imevilia ndani na uti wa mgongo umekatika vipande, mume wangu akachungulia akauliza, "Mama watoto, huyu kavuliwa au kaanguka ghorofani?" Jumatatu nikavuka barabara kumuuliza mkwe, akacheka, "Hao wa baruti, mkwe. Vijana wanarusha, maji yanaruka, samaki wanaelea, mimi nanunua tu. Wa mshipi wanakuja wachache na bei yao haishikiki." Nikamwambia, sasa mbona ulinisemesha uongo? Akanijibu kwa upole kabisa, "Ya mshipi nilikwambia mimi, matangazo ndivyo yalivyo. Lakini kuapa, mkwe, ulijiapia mwenyewe."

Tangu hapo sina amani, mshauri, maana asubuhi nikiinamisha kichwa kuomba kabla sijashika kitambaa, hata sijafika kwenye amina, nasikia ng'ambo, "Haki ya Mungu!" na wateja wangu wameshanipa jina, "Mama Mshipi, leo umeshaapa mara ngapi?" Nilichomoa betri kisirisiri, mkwe akaiunganisha kwenye umeme, sasa inapiga kelele kuliko zamani. Nilikwenda kwa mchungaji nikamkuta anachambua miiba, akaniambia tangu asikie tangazo langu hali samaki wa kwingine, nikaaga. Binti yangu naye ni mjamzito na anaishi palepale kwa mkwe, nilipomdokezea akanishika mkono, "Mama, tafadhali, usije ukanivunjia nyumba kwa ajili ya samaki."

Je, spika ikiapa, dhambi ni ya spika au ni yangu? Ikirudia, ni kiapo kipya au ni kilekile? Na nitainyamazishaje bila kumpoteza mkwe na kumharibia mwanangu?

Ni mimi, Mama Mshipi.

JIBU

Mama Mshipi, pole. Nimecheka, nisamehe, lakini nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba.

Spika haina roho, haiendi motoni wala peponi. Siku ile uliapa bila kujua, basi tubu, Mungu si mgumu kama unavyomdhania. Ila tangu uuone uti wa mgongo ule, kila unapoisikia ukaendelea kukanyaga cherehani, kiapo ni chako. Usiniletee hesabu za mara ngapi. Kizime kwanza.

Na betri, mama mzima! Ulitaka spika iishiwe nguvu ili wewe usihitaji kuwa nazo.

Mkwe wako anasema ananunua tu. Baruti inarushwa kwa sababu ya hao wanaonunua tu. Ikilipuka haimwulizi samaki umri. Inaua wakubwa, wachanga na mayai, wengine wanazama bila hata kuokotwa, na matumbawe wanakokaa na kuzaliana yanabaki kifusi. Binti yako anaogopa kuvunjiwa nyumba kwa ajili ya samaki? Mwambie, mwanangu, mpaka leo nyumba zinazovunjwa ni za samaki. Yako ina mume ndani, na mume hakukuoa kwa sababu ya tangazo.

Sasa nisikilize. Mfuate mkwe asubuhi kabla hajafungua duka, peke yako, usimwaibishe mbele ya wateja. Binti mwache alale, na mchungaji mwache na miiba yake. Mwambie hivi: "Mkwe, siku ukiwa na samaki wa mshipi, hata kapu moja, nitakurekodia upya, na nitawaeleza watu kwa nini bei imepanda. Siku huna, spika inyamaze." Kiapo usikirudie kamwe. Samaki mzuri haapiwi, anapasuliwa mteja akajionea mgongo mzima. Hilo ndilo tangazo, na kelele halina.

Akikataa, usigombane naye. Beba kigoda chako, kaa chini ya ile spika, na kila ikiapa wewe sema kwa mdomo wako, polepole, kwa sauti ya kwaya: "Huyo ni mimi, na nilikosea." Nakuhakikishia ataizima kabla jua halijafika utosini.

Jumamosi akileta tena samaki wa shukrani, mpasue mbele yake. Mgongo ukiwa vipande, mrudishie kwa mikono miwili na kwa heshima zote. Atanuna, na umwache anune. Mjukuu wenu akija, hakuna babu anayeweza kununa huku amebeba kichanga.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na mkwe wako amejifunika sauti yako mchana kweupe. Hukumpa, mama, ulimwazima. Vuka barabara ukaichukue.