Ngoie ameuma gitare

Rafiki yangu Mwamba,

Miye njo nilikufundisha gitare, Lubumbashi yote inajua. Bon, usicheke huko chini. Weye ulipiga gitare, miye nilipiga chupa na kijiko, na hata chupa ulikuwa unaninyang'anya nikisha kulewa.

Lakini Feza, mutoto wako, hajui. Jana ananiambia: «Papa, weye ulipiga na papa yangu. Enda umuchagulie Ngoie gitare yake ya kwanza.» Nikavimba kifua! Ngoie njo mujukuu wako, ule alikuwa kwa tumbo ya Feza wakati tulikuzika. Tangu aguse gitare ya kwaya kanisani, analilia ya kwake. Masomoni banasema eko kichwa nguvu: mwalimu anamuita, hageuki. Banamuchapa juu ya ile.

Kwa muuzaji nikamuonyesha Ngoie moja nyekundu, kubwa, inang'aa sawa motokari ya harusi. Akaikataa. Akakamata kamoja kadogo, rangi imechubuka. Akagusa kamba. Halafu, Mwamba... akainama, akaweka meno kwa mbao. Akafunga macho. Akagusa tena.

Muuzaji analalamika: «Mutoto anakula mali yangu!» Nikakaa juu ya ngoma yake ya kuuza.

Juu weye njo ulikuwa unafanya vile! Tangu baruti ya mugodi kule Kipushi ikuue masikio, uliuma gitare ili sauti ipitie kwa mifupa. Tulikuchokoza: «Mwamba anakula gitare, kwake habakupika bukari ya unga!» Sasa huyu, nani alimuonyesha? Hakukuona hata siku moja.

Nikasimama nyuma yake. «Ngoie!» Akagusa tena kamba. «Ngoie!» Muuzaji njo aligeuka.

Si kichwa nguvu, ndugu yangu. Hasikii. Mutoto hasikii, na sisi tulikuwa tunaacha bamuchape.

Nimenunua kale kadogo. Mbele ya kulipa nikakauma na miye, na meno yangu mawili yaliyobaki. Kanalia mpaka ndani ya kichwa! Kesho tunaenda na Feza kwa munganga wa masikio. Na mwalimu akiinua tena fimbo, atanikuta mulangoni. Nakuapia.

Haya, lala, mula-gitare. Lakini sijasahau: uliniahidi kama siku moja miye nitashika gitare, weye utapiga chupa. Ukakufa mbele, mujanja. Basi tafuta chupa huko, na kijiko chake. Nikifika, nikukute umekaa tayari.